Nipe cha Kusema: Namna ya Kuufikisha Wimbo Wako kwenye Redio ya Mkoani

Nyimbo nzuri ninazo tele. Zimejaa kwenye kompyuta ya studio, kuanzia za Cuban Marimba, bendi ya hapa kwetu ya marehemu Salum Abdallah, mpaka za vijana waliorekodi wiki iliyopita kule Kihonda, na nyingi humaliza mwaka hazijaguswa. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukinipigia simu kuniambia "dada, ngoma ni kali," bado hujaniambia kitu. Mimi nacheza wimbo ambao ukiisha nitakuwa na neno la kumwambia yule anayesubiri basi stendi ya Msamvu na redio ya simu sikioni. Nikikosa la kusema, wimbo wako utachezwa saa nane usiku na kompyuta yenyewe, mimi nikiwa nimelala.

Natangaza kipindi cha jioni hapa Morogoro, na DJ wa kipindi ni mimi huyohuyo. Redio zetu za mikoani ndivyo zilivyo: mwenye maiki ndiye mwenye kompyuta ya nyimbo, ndiye anayesoma ujumbe wa wasikilizaji, ndiye anayefunga dirisha jenereta ya jirani ikianza kunguruma. Miaka ya nyuma vijana walikuwa wananiita dada. Sasa wapo wanaoniamkia shikamoo mama, nami naitikia marahaba. Haya ninayoandika ni yale ninayowaambia wakifika mapokezi na flashi mkononi.

Kwa nini uanzie hapa, usikimbilie Dar

Kituo kikubwa cha Dar kina orodha ya nyimbo iliyopangwa kwenye kikao, na foleni ya wanaotaka kuingia kwenye orodha hiyo inajumuisha wasanii wenye mameneja na magari. Kwangu uamuzi unachukua muda wa kuusikiliza wimbo wako mara moja na nusu. Ukinigusa leo mchana, jioni uko hewani.

Babu zetu wanamuziki wa hapa hawakuwa na bahati hiyo. Enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz redio ya nchi huku Bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam pale barabara ya Pugu, na redio hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikizirekodi bendi. Mlango mmoja. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua njia kwa redio binafsi, Radio One ikaanza 1994, na watangazaji kama Taji Liundi na Mike Mhagama wakawa wanacheza rap za Kiswahili wakati wazee wengi wakiziona ni uhuni wa watoto. Baadaye ikaja zamu ya singeli. Ilianzia kwenye vigodoro, zile sherehe za mitaani za usiku kucha, kule Manzese, Tandale na Mbagala za Dar, ikasambaa kwa memori kadi kwenye bodaboda na bajaji, ndipo EFM, redio ya Dar, ikaipa saa zake hewani na nchi nzima ikaijua.

Tazama mpangilio wa mambo hapo. Si DJ wa redio aliyeutengeneza muziki ule. Aliusikia ukiwa tayari na watu wake, akaufungulia mlango kabla wenzake hawajaona haja. Ukilielewa hilo utajua pa kuanzia: nyimbo zenye watu, hata kama ni watu wa mtaa mmoja, hutusumbua masikioni mpaka tunaziulizia wenyewe. Peleka kwanza kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo, kwa kinyozi mwenye spika kubwa, kwa DJ wa kumbi za harusi, kwa dereva wa bajaji anayelala na redio yake. Nikipita mitaani nikausikia, umenirahisishia kazi.

Sikiliza redio unayoiomba

Unashangaa ni wangapi wanaleta wimbo kwenye kipindi ambacho hawajawahi kukisikiliza. Kaa na redio wiki nzima, kalamu mkononi. Asubuhi ni magazeti na habari, nyimbo chache na zinazojulikana. Mchana ni salamu, taarabu na bongo fleva ya mapenzi. Jioni ni watu wanaorudi nyumbani. Jumamosi vijana wanataka kucheza. Jumapili asubuhi ni injili, mchana zilipendwa. Wimbo wa injili ukiletwa kwangu Ijumaa jioni nitaupeleka tu kwa mwenzangu wa Jumapili, na kwake utaungana na rundo lake.

Andika jina la mtangazaji kama anavyojitaja hewani. Ukiniandikia "Habari DJ" najua umeituma hiyohiyo kwa watu hamsini.

Kalenda nayo ina maneno yake. Mwezi wa Ramadhani vipindi vingi hubadilika, kasida zinachukua nafasi. Kwaresima nako wapo wasikilizaji wanaopunguza starehe. Siku ya Simba na Yanga usilete kitu, hata mimi mwenyewe sisikilizi. Na ukitokea msiba wa taifa, subiri: Machi 2021, siku za maombolezo ya Rais Magufuli, ngoma za starehe zilisimama redioni nchi nzima, na aliyekuwa amepanga kuachia wimbo wiki ile ilibidi apange upya.

Jambo jingine ambalo wa kwetu wanalisahau ni mlima. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na Uluguru haumpishi mtu. Anayesikika safi Kihonda na Mzumbe huenda asisikike kabisa upande wa pili wa milima. Kabla hujawaambia ndugu zako wa Matombo wakae mkao wa kusikiliza, waulize kwanza redio yetu wanaipata? Kama hawaipati, ndugu zako hawatanitumia hata ujumbe mmoja, na mimi nitadhani wimbo haujapokelewa.

Faili lenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nyimbo nyingi zinapofia.

Ukinitumia wimbo WhatsApp kwa njia ya kawaida ya sauti, jina lake hugeuka kuwa AUD, namba za tarehe, halafu WA na namba nyingine. Simu ya studio ina mamia ya AUD. Siku tatu baadaye nikiutafuta wimbo wa yule kijana wa Mafiga siuoni, ingawa umo. Utume kama hati, jina libaki. Na jina liwe la kazi: jina lako la kisanii, kistari, jina la wimbo. Basi. "Final mix mpya master 3" ni jina la prodyuza wako, halinihusu.

Leta WAV kama unaweza, au MP3 ya kbps 320. Usiupakue wimbo wako mwenyewe kutoka YouTube ukaniletea. Sauti inakuwa imebanwa mara mbili, na ikifika kwenye mtambo wetu inabanwa mara ya tatu, matoazi yanabaki kuchanikachanika. Mwombe prodyuza asiuminye wimbo mpaka mwisho wa nguvu zake. Kila kituo kina mashine inayosawazisha ukubwa wa sauti kabla haijakwenda mnarani, na wimbo uliokuja tayari umevimba hutoka hewani umechoka kuliko wimbo uliopumua.

Halafu ujaribu kwenye spika moja. Wasikilizaji wangu wengi wako kwenye simu za batani, redio za mkulima na spika za bajaji. Kuna maprodyuza wanaopenda kuitanua sauti ya mwimbaji kushoto na kulia mpaka kwenye hedifoni unahisi yuko chumba kizima. Uweke wimbo huohuo kwenye kispika kimoja cha simu, sauti inafifia na biti inabaki peke yake. Panda bajaji kutoka Msamvu mpaka mjini, mwombe dereva aweke. Kama abiria aliyekaa pembeni yako hajashika hata neno moja la kiitikio mnapofika, rudi studio.

Mwanzo uniachie nafasi. Sekunde 10 au 15 za ala kabla hujaanza kuimba zinanitosha kutaja jina lako, mtaa wako na kusema kile ulichonipa cha kusema, sauti yangu ikiisha pale yako inapoanza. Wimbo unaoanza na mwimbaji kuanzia sekunde ya kwanza nao unachezeka, ila jina lako litatajwa ukishaisha, wakati dereva ameshabadilisha kituo. Na wewe prodyuza unayeweka saini yako ya sauti mwanzo, katikati, na tena kwenye kiitikio cha mwisho: jina lako tumelisikia, mwache mtoto wa watu aimbe.

Matusi sitaki, na wala sitayakata mimi. TCRA, mamlaka inayosimamia utangazaji, ikikasirika, inayotozwa faini au kufungiwa ni redio, na mwaka 2018 ilitoka orodha ya nyimbo zilizokatazwa kuchezwa hewani ambayo ilikuwa na majina makubwa ndani yake. Kama kitaa kinataka toleo lenye maneno makali, rekodi matoleo mawili, na la redio liandike hivyo kwenye jina la faili. Usiniletee lile lenye mlio wa kuziba tusi. Msikilizaji akisikia mlio anajua tusi, na ananiuliza mimi.

Ujumbe unaokuja na wimbo

Huu ndio moyo wa jambo. Ujumbe mwingi ninaopokea uko hivi: "Shikamoo mama naomba sapoti yako kijana wako napambana sana Mungu akubariki." Marahaba, mwanangu, na ubarikiwe. Lakini hewani niseme nini? Kwamba kuna kijana anapambana? Wanaonisikiliza wote wanapambana.

Linganisha na huu, ambao nauhifadhi mpaka leo. Kijana aliniandikia: "Habari za jioni dada. Naishi Kihonda. Sauti unazozisikia mwanzo wa wimbo ni za kina mama wa mboga wanaoshusha mzigo wa Mgeta pale soko la Kingalu alfajiri. Nilizirekodi kwa simu. Wimbo unamhusu mama yangu, naye anauza pale. Faili nimetuma kama hati, una dakika tatu na kidogo, hauna tusi."

Sikuhitaji zaidi. Saa kumi na moja na nusu jioni nikaufungua, sauti za sokoni zikaanza kupanda, nikasema juu yake: "Wewe unayeshusha karoti Kingalu alfajiri, sikiliza vizuri hapa mwanzo, huenda umo." Nikanyamaza, yule kijana akaanza kuimba. Kabla hajafika ubeti wa pili simu ya studio ikalia. Mama mmoja anasema ile sauti ya kuita "njoo nyanya, njoo nyanya" ni ya kwake, na mwingine nyuma yake anambishia kwamba ni ya shoga yao aliyeko Mji Mpya. Nikawaweka hewani wote wawili wabishane. Kesho yake kabla sijaanza kipindi, watu wakawa wanauliza, ule wimbo wa sokoni unaucheza saa ngapi?

Wimbo wenyewe, tukiwa wakweli, ulikuwa wa wastani. Sauti ya kijana ilikuwa ikiyumba kwenye kiitikio. Lakini ulinipa cha kusema leo, kesho na keshokutwa, na kila nilichosema kilimrudisha mtu kwenye wimbo.

Si lazima wewe uwe na soko. Uwe na kitu kimoja cha kweli ambacho msikilizaji wa hapa atakitambua. Baba yako anakata miwa Mtibwa na umeupa wimbo jina la zamu yake ya kazi. Umetumia ngoma za Waluguru na aliyezipiga ni babu wa kijiji fulani. Biti ilitengenezwa hosteli ya chuo cha SUA umeme ulipokatika, kwa chaji ya mwisho ya kompyuta. Kimoja kinatosha, ukinipa saba sitakumbuka hata kimoja nikiwa mbele ya maiki. Usikitunge, maana mji huu ni mdogo na mtu atapiga simu kukuumbua wewe na mimi.

Weka pia jina la mtunzi, jina la prodyuza na namba ya simu inayopokelewa. Kama umejisajili BASATA, baraza la sanaa, na wimbo umeuandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, sema. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya nyimbo zilizochezwa redioni, na hela ya namna hiyo hufuata majina yaliyoandikwa sawasawa. Aliyejiandikisha kwa jina moja na kuachia nyimbo kwa jina jingine asimlaumu mtu.

Ukishachezwa

Mara ya kwanza wimbo mgeni nauweka katikati ya nyimbo mbili ambazo kila mtu anazijua, ili msikilizaji asiondoke. Kesho yake nauweka saa ileile, kwa sababu anayerudi nyumbani saa kumi na moja na nusu leo, kesho atarudi saa hiyohiyo. Baada ya hapo nausogeza, nione kama watu wa saa moja nao wanauliza.

Neno ni hilo, kuuliza. Sifa hazinisaidii. Wapo wanaowapanga marafiki zao, na ndani ya dakika nne nikapokea ujumbe kumi na mbili, wote "hii ngoma ni moto wa kuotea mbali," wote bila jina wala mtaa, watatu wao wamekosea tahajia ileile. Huo mchezo tunaujua, na unanifanya niuogope wimbo ambao pengine ungesimama wenyewe. Ujumbe ninaousubiri ni wa namna hii: "Dada huo wimbo ni wa nani, mke wangu anauliza." Ukija mmoja tu wa hivyo, kutoka kwa mtu nisiyemjua, wimbo wako una kesho.

Kwa hiyo waambie watu wako wasikilize, wala usiwaandikie maneno. Na wewe mwenyewe kaa karibu na simu, maana nikipata nafasi ninaweza kukupigia tukiwa hewani. Kijana aliyepokea akiwa kwenye bodaboda, upepo unavuma, nilimsikia herufi za mwisho tu.

Ukiitwa kwa mahojiano, fika nusu saa kabla, peke yako au na mwenzako mmoja. Studio zetu ni ndogo na kundi la marafiki sita wanaocheka nyuma ya kioo linamvuruga hata fundi mitambo. Usijibu "kama kawaida tu" kwa kila swali. Mengine nitakuongoza.

Hela

Kuna mtu atakwambia, "Toa chochote, tuusogeze wimbo." Anaweza kuwa mfanyakazi wa redio, anaweza kuwa mtu anayekunywa chai na wafanyakazi wa redio. Usitoe. Siongei kwa utakatifu. Naongea kwa hesabu. Hela yako itanunua kuchezwa mara mbili au tatu, bila maneno, na ikiisha wimbo unatolewa ili aingie mwenye hela mpya. Kama unayo hela ya kweli, ingia mlango wa mbele, nenda idara ya mauzo, nunua tangazo la onesho lako, wimbo wako uwe ndani ya tangazo, uchukue risiti. Kama huna, ile hela ya kumhonga mtu itumie kupeleka nyimbo kwenye vibanda vya memori kadi.

Soda sikatai, ila iletwe baada ya kipindi, na uniletee baridi.

Nikinyamaza

Wiki mbili zikipita bila wimbo wako kusikika, nitumie ujumbe mmoja, wa upole: "Dada, ulipata nafasi ya kuusikiliza?" Mara nyingi sijapata, na utakuwa umenikumbusha. Nikikwambia haujanikaa, niulize ni wapi. Nitakwambia dakika na sekunde. Usinijibu kwa kunitumia wimbo mwingine papo hapo, na usiende mitandaoni kuandika kwamba redio za Moro zinabania wasanii. Yule wa kipindi cha mchana naye anasoma, na wa Ifakara anasoma.

Nikikukataa mimi, mlango wa jirani upo. Mkoa una redio kadhaa na masikio yetu hayafanani. Wimbo nilioukataa mimi umewahi kunirudia kutoka kwenye redio ya dereva wa daladala, akiuimba neno kwa neno.

Na ukikubaliwa, weka daftari. Andika tarehe, kituo, kipindi, saa, na kile wasikilizaji walichouliza. Ukifika kwenye kituo kinachofuata, Dodoma au Dar, ukurasa huo mmoja weka mezani kabla ya flashi, maana mtangazaji wa kule naye anatafuta cha kusema.